Kikaango Kilichong'aa

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa tone la maji. Kila asubuhi, kabla ya kuvunja yai la kwanza, alichovya ncha za vidole kwenye bakuli na kurushia maji kidogo kikaangoni ili kupima moto. Siku kikaango kilipoletwa, tone lilikimbia. Lilijikunja likawa kama ushanga, likateleza huku na huku juu ya ule weusi, likatoweka bila kuacha alama. Siku ya tano tone halikukimbia. Lilikaa palepale lilipoangukia, likachemka, likakauka, likaacha kiduara cheupe. Akarusha jingine, nalo likakaa. Akainama akatazama kwa karibu, akaona pale katikati pana mikwaruzo myembamba, kama nywele zilizomdondoka mtu.

Hakumwambia mtu. Hakuwa na tabia ya kuwaambia watu mambo. Pale mgahawani walimwita Kimya, jina alilopewa na Redio, dada wa kuhudumia meza, ambaye jina lake yeye alipewa na wateja wote kwa pamoja bila kukaa kikao. Mgahawa wenyewe ulikuwa na meza sita, nyuma ya kiwanda cha magodoro, na wateja walikuja asubuhi na vipande vya sponji vimewanasa nywelani. Mwenye mgahawa alikuwa mama mdogo wake Kimya, mdogo wa mama yake wa tumbo moja.

Shule Kimya aliiachia darasa la tano. Mwalimu alipenda kumsimamisha mtu asome kwa sauti, na kila Kimya aliposimama, sauti ilibaki kwenye dawati. Kusoma alijua. Kusomea watu ndiko kulimshinda. Siku moja hakwenda, ya pili hakwenda, na nyumbani kazi zilikuwa tele, hakuna aliyeuliza sana. Baadaye mama mdogo akamchukua amsaidie jikoni, na huko ndiko alikogundua kuwa mikono yake ina akili ambayo mwalimu hakuiona. Alikaanga yai likatoka limekamilika, kingo zake kahawia kidogo, kiini kinatetemeka bila kupasuka. Wateja waliokuwa hawajui hata sura yake walimwagizia Redio kwamba wanataka yai la yule bubu wenu. Walimtania, naye alijua ni utani, na bado kila aliposikia alitabasamu peke yake nyuma ya pazia la jikoni. Pale jikoni hakuna aliyemwambia asimame aseme. Mayai yalitoka, na watu wakayasifu.

Ndiyo maana siku mayai yalipoanza kuganda, kwake yeye haikuwa habari ya mayai.

Kikaango kilikuwa cha umeme, kipana kama sinia, chenye mishikio miwili na uso mweusi unaong'aa kama maji ya usiku. Mama mdogo alikinunua ili waachane na moshi wa mkaa, maana wateja walikuwa wanatoka na macho mekundu kama waliofiwa. Siku nne za kwanza Kimya alikipenda. Alikaanga mayai sita kwa mara moja, na kila moja alilitikisa likasogea lenyewe, kama mtoto mtiifu. Siku ya tano, siku ya lile tone, yai la tatu liliacha ngozi yake chini. Siku ya sita yakaacha mayai mawili. Siku ya saba hakuna lililotoka zima.

Alijaribu kila alichokijua. Aliongeza mafuta, mama mdogo akauliza kama siku hizi wanauza mayai au wanauza mafuta. Akapunguza moto, mayai yakawa mabichi juu na kushikamana chini. Akasugua kitunguu, akapaka chumvi, akapasha kikaango kikavu kisha akakiacha kipoe. Ilikuwa bure. Yai liliingia, likalala, likashika. Akiingiza mwiko taratibu, kiini kinapasuka. Akiusukuma kwa nguvu, yai linajikunja kama kitambaa cha kudekia. Akawa anakisemesha kikaango kimoyomoyo, maneno ambayo mdomoni mwake hayajawahi kupita. Mshenzi wewe. Achia. Achia, mlaaniwa, nimekukosea nini? Akausukuma mwiko kwa hasira, na mayai yakazidi kupasuka.

Wateja nao hawakukaa kimya. Fundi mmoja wa cherehani za kiwandani aliitazama sahani yake akamuuliza Redio kama ameletewa yai au ramani. Mwingine akataka kujua yai lake limepigana na nani, na nani ameshinda. Redio alicheka nao, kisha akaingia jikoni akasema, kwa upole kuliko kawaida yake, "Mwenzangu, haya mayai yamepangisha humo ndani? Mbona hayataki kuhama?"

Kimya hakucheka. Alikuwa anabandua mabaki kwa kucha.

Jibu alilikuta uwanja wa nyuma. Jioni moja, jua bado liko juu ya ukuta wa kiwanda, alitoka kumwaga maganda ya viazi akamkuta Bibi pale bombani. Bibi huyu alikuwa mama mkwe wa mama mdogo, mama mzazi wa mume wake. Alifika siku moja baada ya kikaango, kuja kumsalimu mkwe, na kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kukaa amekunja mikono, asubuhi ya pili tu aliingia jikoni akakusanya vyombo vyote akasema kuanzia leo kuosha ni kazi yake, na asitokee mtu wa kumwambia apumzike. Nani angemwambia? Mama mdogo mwenyewe alipiga magoti kumshukuru.

Sasa Bibi alikuwa kwenye kigoda, kikaango amekibana kati ya nyayo zake mbili, mkono mmoja una waya wa kusugulia sufuria, mwingine una majivu. Alikuwa anasugua kwa mabega, kama anayepasua kuni. Maji yaliyotiririka kuelekea mtaroni yalikuwa meusi.

"Njoo uone, mjukuu wangu," alisema, akafuta jasho kwa kiwiko. "Mlikuwa mnawapikia watu kwenye masizi. Sijui aliyewauzia alikuwa na aibu gani. Masizi yameshika haya! Lakini yameniona. Katikati nimeshamaliza, bado pembeni."

Akakiinua kikaango juani. Pale katikati palikuwa peupe, panang'aa kama sarafu mpya, na kuzunguka huo mng'ao ule weusi wa kiwandani ulikuwa umebaki vipandevipande.

Kumbe. Kila siku, tangu alipojitwalia kazi ya kuosha. Bibi alikuwa ameolewa kwenye nyumba ambayo mwanamke alipimwa kwa matako ya sufuria zake. Mavyaa wake, mama wa mume, alikuwa anazigeuza moja moja na kupitisha kidole, na kidole kikitoka na weusi, siku hiyo bibi harusi hali chakula. Hadithi hiyo alikwisha kuwasimulia mara tatu, na kila mara aliimalizia kwa kuonyesha viganja vyake, vigumu kama soli. Kwake yeye chombo cheusi ni chombo kichafu, na chombo kichafu ni mwanamke mvivu. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hizi kuna weusi unaonunuliwa.

Kimya alisimama na beseni la maganda mkononi. Bibi alikuwa anamtazama, anangoja, uso umemkunjuka kwa fahari kama mtoto aliyepatia hesabu.

"Asante, Bibi," Kimya alisema.

Alirudi ndani akasimama nyuma ya pazia, na hasira aliyokuwa nayo kwa kikaango ikamgeukia yeye mwenyewe. Asante. Kati ya maneno yote aliyokuwa nayo, aliokota hilo.

Kesho yake aliuficha ule waya nyuma ya gunia la chumvi. Bibi hakuuliza. Alichomoa uzi wa chuma kwenye fagio la kusafishia mtaro, akauviringisha, akaendelea. Siku iliyofuata Kimya aliwahi, akakiosha kikaango mwenyewe kwa kitambaa laini kabla Bibi hajatoka kusali. Bibi akakichukua rafuni, akakigeuza mwangani, akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema wasichana wa siku hizi wanaosha kama wanabembeleza, akakirudisha bombani. Huruma yake ndiyo iliyomuudhi Kimya kuliko yote. Angekuwa mkorofi, pengine ingekuwa rahisi.

Wiki hiyo mama mdogo alileta habari. Msimamizi wa kiwanda cha magodoro alikuwa anatafuta mahali pa kuwapatia wafanyakazi wake staftahi kila asubuhi, watu sabini, na Ijumaa angekuja mwenyewe kuonja. Mama mdogo aliieleza habari hiyo akiwa amesimama mlangoni pa jikoni, mikono kiunoni, na Kimya alijua bado hajafika alikokuwa anakwenda.

"Sasa mimi sitaki aibu," mama mdogo alisema. "Mkono wako umekufa, sijui umerogwa. Ijumaa ndiyo ya mwisho. Yakitoka yamechanika tena, hapo jikoni namweka mtoto wa jirani, wewe urudi kwa mama yako. Nimeshaongea naye."

Ameshaongea naye. Kimya aliona nyumba ya kwao, ndoo, wadogo zake, na majirani wanaouliza kwa sauti tamu kwamba kumbe umerudi. Aliona miaka ikipita na yeye akiwa yule msichana aliyeshindwa shule akashindwa na mayai.

Alhamisi alijikaza. Alimfuata mama mdogo stoo, alikokuwa anapanga mikate, akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mama mdogo, kile kikaango," alianza.

Mama mdogo hakugeuka. Aliuliza kikaango kimefanya nini, na kabla hajajibiwa akasema kikaango ni kipya, hata mwezi hakina, na fundi mbaya siku zote anasingizia msumeno. Kimya alisema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia vizuri, kwamba kinasuguliwa. Mkono wa mama mdogo ulisimama juu ya mkate. Halafu akasema, haraka haraka, kwamba chombo lazima kisuguliwe, au yeye anataka watu wale uchafu? Akampa mikate mitano aipeleke mbele.

Ijumaa saa moja msimamizi alifika. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye haya kwa namna yake, aliyefuta kiti kwa leso kabla ya kukikalia. Bibi alikuwa meza ya pembeni, amevaa kanga mpya kwa ajili ya mgeni, chai yake mbele. Asubuhi hiyo kikaango kilikuwa cheupe chote, kutoka ukingo hadi ukingo. Ukikitazama unajiona.

Kimya alikipasha, akamimina mafuta, akavunja mayai mawili. Yalitulia vizuri. Kwa kitambo kidogo, yakiwa yanachemka kingo, yalionekana mazuri kama ya zamani, na moyo wake ukathubutu kuinuka. Kisha akaingiza mwiko. Mwiko ulisimama. Akausukuma. Yai lilipasuka toka katikati, kiini kikatiririka, kikafika kwenye chuma nacho kikashika. Alivunja mengine mawili. Akavunja mengine. Redio alichungulia akarudisha kichwa bila kusema neno, na Redio kukosa neno ilikuwa taarifa tosha. Mwishoni Kimya alikwangua alichoweza kukwangua akakipanga sahanini, akafunika pabaya kwa nyanya.

Aliisikia sahani ikitua mezani. Halafu msimamizi akasema kwa adabu kwamba ladha si mbaya, ila wafanyakazi wake ni watu wa maneno, wakiletewa hivi watasema wameletewa makombo.

Mama mdogo alicheka kicheko cha juu juu.

"Ni msichana wangu wa jikoni," alisema, na hakujisumbua kushusha sauti. "Vitu vya kisasa havijui. Shule yenyewe aliishia njiani, nikamchukua kwa huruma tu. Usijali, kuanzia kesho kuna mwingine."

Nyuma ya pazia Kimya aliyasikia yote, neno kwa neno. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Angeweza kulia, alivyozoea, lakini machozi hayakuja. Kilichokuja kilikuwa kikavu.

Mama mdogo aliingia jikoni, akamkuta ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akamsogelea, akamshika bega, na sauti yake ikawa nyingine kabisa, ya chini, ya kindugu.

"Usichukulie moyoni, mwanangu. Ilibidi niseme kitu. Unadhani mimi sikioni kile kikaango? Nilimwona tangu siku ya kwanza anavyokikwangua. Sasa ningefanyaje? Nimwambie mama wa mume wangu kwamba ameniharibia kitu, arudi kwa mwanawe akaseme nimemfukuza? Hiyo ndoa ingebaki? Wewe ni mtoto wangu, utanielewa. Na wewe hata hivyo umezoea kunyamaza. Kaa kwa mama yako mwezi mmoja, miwili. Bibi akiondoka nitakuita."

Akampigapiga bega, kama mtu anayefunga mzigo ukakaza.

Kimya alimtazama. Alikuwa amemtazama mama mdogo maisha yake yote, na leo aliona kitu kidogo pale kando ya mdomo, kitu kinachofanana na kutulia. Mama mdogo alikuwa amelala usingizi wake wote wiki hizi mbili. Mzigo ulishapata pa kutulia: juu ya mtu asiyesema.

Kimya akachomoa waya wa umeme. Akakishika kikaango kwa mishikio yake miwili, kikiwa bado cha moto na mayai yamegandamana chini kama plasta, akalisukuma pazia kwa bega akatoka. Fundi wa cherehani alishusha kikombe. Wengine hawakuwahi kumwona mbele ya pazia akiwa na chombo mkononi. Alikwenda moja kwa moja meza ya pembeni, akaweka kikaango juu ya kitambaa cha meza, mbele ya Bibi. Kitambaa kikatoa harufu ya kuungua.

"Bibi," alisema. Sauti ilitoka na mikwaruzo, lakini ilitoka. "Ule weusi haukuwa masizi. Kilikuja hivyo kutoka dukani. Ule ndio uliokuwa unazuia yai lisigande. Umeutoa."

Redio alisimama katikati ya meza na trei yake, amezimika.

Bibi alikitazama kikaango. Alinyoosha kidole akagusa ukingo, akakirudisha kwa sababu ya moto, akakitazama tena. Fahari ilimtoka usoni polepole, na ilipokwisha kutoka alionekana mzee kuliko alivyokuwa jana.

"Wiki mbili," alisema. "Wiki mbili nasugua kama mwendawazimu, na kila jioni mnaniambia asante. Mbona hakuna aliyeniambia?" Akainua macho, akampita Kimya, akamtafuta mkwe wake aliyekuwa ametokeza penye pazia. "Wewe ulijua?"

Huo ulikuwa wakati wake mama mdogo. Kimya aligeuka kumtazama, na ingawa hasira ilikuwa imemjaa mpaka vidoleni, bado kulikuwa na kijisehemu ndani yake kilichokuwa kinasema: sasa, sasa atasema. Mama mdogo alitazama Bibi, akatazama msimamizi na leso yake, akatazama chini. Alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Mama, usimsikilize huyu," alisema. "Mtoto ana hasira za kuondolewa jikoni. Hajui anachosema."

Zamani, yaani mpaka nusu saa iliyopita, hapo ndipo Kimya angeinamisha kichwa. Macho ya mgahawa mzima yalikuwa juu yake, kama macho ya darasa zima, na neno likaanza kurudi nyuma. Akalisukuma. Akalisukuma kama unavyosukuma mwiko chini ya yai lililoshika, bila kujali nini kitachanika.

"Najua ninachosema, mama mdogo," alisema. "Jikoni sitoki, na kwa mama sirudi. Mkono wangu haujafa. Umeniambia sasa hivi kwamba ulimwona tangu siku ya kwanza. Mimi nilidhani hujui. Wamenicheka, umenitangazia shule yangu mbele ya mgeni, na mimi nikakaa nyuma ya pazia nasema mama mdogo akijua tu, atanitetea. Kila siku nilikuwa nakungoja. Kila siku, mama mdogo, nilikuwa nangoja unitetee."